Vichota Upepo

Fundi makochi hakuweza kuona kitu kiko wazi akakiacha. Ndivyo alivyoumbwa, na mkewe alilijua hilo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, alipoamka asubuhi akakuta redio imevaa koti. Baada ya redio ukafuata mtungi wa gesi, halafu pasi, halafu miguu minne ya meza ya kulia ikavishwa soksi za ngozi bandia ili isikwaruze sakafu. Rimoti ya televisheni ilikuwa na mfuko wenye dirisha. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na kifuniko, na kifuniko nacho kilikuwa na kifuniko chake. Wageni walicheka, lakini vitu vya nyumba ile vilikuwa havizeeki, na mshono wa yule bwana huupati dukani hata ukeshe mlangoni.

Mkewe alikuwa kinyume chake. Yeye alipenda dirisha wazi, mlango wazi, barabara wazi na, wifi yake husema, mdomo wazi. Aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita mpaka majirani wakasahau jina lake, akawa Dereva tu. Hata mumewe alimwita hivyo, naye alimwita mumewe Fundi. Siku wakiitana "mume wangu" na "mke wangu", ujue kuna ugomvi ndani.

Alipostaafu hakutaka kufuga kuku wala kuuza duka. Alitaka gari la spoti, na mwanamke akitaka kitu kwa miaka ishirini na sita, mwache akipate. Lilikuwa la zamani kidogo, jekundu, viti viwili, limechuchumaa chini kama chura. Siku alipoliingiza uani Fundi alilizunguka mara tatu, akauliza, "Na mimi nitaingilia wapi, dirishani?" Lakini aliingia, na alipoingia alikipenda kile kiti. Kila Jumapili ya pili walipanda mlimani kwenda kumsalimia dada yake Fundi. Njiani Fundi alimenya chungwa, na kila barabara ilipokuwa imenyooka alimtilia mkewe kipande mdomoni. Dereva hakuwahi kumwambia mtu yeyote, ila vile vipande vya machungwa ndivyo alivyovipenda kuliko gari lenyewe.

Hayo yalikwisha miezi saba iliyopita, wakiteremka. Walikuwa nusu ya mteremko Fundi aliposema kuna kitu kinaungua. Dereva naye alikuwa amekwisha kusikia harufu. Alipokanyaga breki, kanyagio likazama laini kama godoro. Alishusha gia, akashusha tena, akalielekeza gari kwenye changarawe za kando ya barabara mpaka likasimama lenyewe, huku magurudumu ya nyuma yakitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Hakuna aliyeumia. Ilikuwa kazi ya dereva hasa, na dereva mwenzake angempa mkono. Lakini Fundi hakuwa dereva. Alifungua mlango kabla gari halijatulia, akaangukia magoti, na alipoinuka alisema neno moja ambalo Dereva alilala nalo na kuamka nalo kwa miezi saba.

"Wewe mke wangu unaendesha kama unafukuzwa. Sipandi tena."

Na kweli hakupanda. Maneno yakaenea, maana Fundi alikuwa mtu wa kusimulia. Wifi mtu akamtungia jina, Mama Moshi. Fundi wa gereji alibadilisha pedi na mafuta ya breki, akajifuta mikono, akasema, "Mama, punguza mguu." Mama, punguza mguu! Huyo kijana alikuwa hajazaliwa wakati mama huyo anapita katikati ya soko na mtu mahututi nyuma bila kugusa hata kikapu cha nyanya. Katika kazi yake yote alivunja kioo kimoja cha pembeni, na hicho nacho kilivunjwa na mlango wa mtu mwingine. Sasa mumewe mwenyewe, aliyelala ubavuni mwake miaka ishirini na tisa, alikuwa anaogopa kukaa ubavuni mwake kwenye gari. Ilimuuma. Hakuna haja ya kulipamba: ilimuuma sana.

Kila Jumapili ya pili Fundi alivaa shati lake la safari akaenda stendi kupanda basi la saa tano. Dereva alibaki akisema ana nguo za kufua. Jamani, nguo gani za watu wawili zinafuliwa miezi saba?

Ila fundi wa gereji alikuwa amesema na jambo jingine, na hilo ndilo Dereva alilolishika. Alisema vichota upepo vya nyuma vimeyeyuka, na gari lisirudi mlimani mpaka vipatikane vipya. Kichota upepo ni kitu kidogo cha plastiki nyeusi, mdomo mpana mbele, umbo kama la koleo la kuchotea taka za jikoni. Hufungwa chini ya gari, kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Gari likienda, kinachota upepo unaopita chini na kuumwaga kwenye diski ya breki ili isipate moto kupita kiasi. Basi. Kazi yake ni hiyo tu, na ukikitazama utadhani hakina maana. Dereva aliagiza viwili, cha kushoto na cha kulia, akangoja. Vilifika siku ya Ijumaa, vimefungwa kwenye boksi lenye karatasi nyingi kuliko bidhaa.

Kazi ya kuvifunga angeweza kuipeleka gereji. Hakutaka. Hakutaka kuambiwa habari za mguu tena, na isitoshe alitaka ifanyike nyumbani, uani, Fundi akiwapo, aione kwa macho yake. Moyoni alijiwekea mpango mdogo: Jumapili asubuhi atavifunga, na saa tano ikifika, huenda mtu mwenye shati la safari akapita mbele ya gari badala ya kwenda stendi. Hakumwambia. Mtu hambembelezi mumewe apande gari. Ukishaomba, umekubali kwamba wewe ni wa kuogopwa.

Asubuhi ya Jumapili alivaa ovaroli yake ya kazini ya zamani. Akaweka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akatia gia, akalegeza nati za magurudumu ya nyuma wakati gari bado limekaa chini, ndipo akapiga jeki. Fundi alitoka na godoro la sponji la kochi la mteja fulani aliyehama bila kuaga. Akalitandika chini ya gari, akapanga spana. Spana za nyumba ile, lazima niseme, zililala kwenye mkoba alioushona yeye mwenyewe kwa mkono, kila moja na kitanda chake, namba imetariziwa juu kwa uzi mwekundu.

"Umeweka stendi chini ya gari?" aliuliza.

"Nimeweka."

"Zote mbili?"

"Fundi, nimeanza kulala chini ya magari wewe hujajua kutunga uzi kwenye sindano."

"Sina neno. Nauliza tu, maana mke ninaye mmoja."

Dereva akatabasamu bila kumwonyesha, akatoa gurudumu la kushoto, akalala chali kwenye sponji na kujisukuma chini. Palikuwa na ubaridi na harufu ya vumbi na grisi, harufu aliyoipenda. Kichota upepo cha kushoto kilikuwa kimekunjamana vibaya. Kilishikwa na bolti moja na klipu mbili. "Nipe kumi," alisema, na spana namba kumi ikashuka mkononi mwake kabla hajamaliza neno. Bolti ilitii. Klipu ya kwanza ilitii. Ya pili ilikatika, na kichota upepo kikamdondokea kifuani vipande vitatu. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na kitu cheusi kigumu, kama ukoko uliosahaulika jikoni. Alidhani ni plastiki iliyoyeyukia ndani. Alivisukuma vipande kando, akatoka, akahamia upande wa kulia.

Huko ndiko mambo yalikokuwa.

Cha kulia hakikuungua sana kama mwenzake. Bolti ikatoka, klipu zikatoka zote mbili, na Dereva akakishika kichota upepo kizima mbele ya macho yake. Kilikuwa na kifuniko. Kifuniko cha ngozi bandia nyeusi, kimekaa mdomoni sawasawa, lastiki pembeni, ukingo wa kamba kuzunguka, na mshono wa mistari miwili umepita kama uliopigwa kwa rula. Pembeni, pale uzi ulipoishia, palikuwa na mishono mitatu midogo ya kurudi nyuma, imelala kidogo upande wa kulia.

Haikuhitaji miwani. Mishono mitatu ya namna ile ilikuwa kwenye mto aliolalia, kwenye kiti alichokalia, kwenye koti la redio. Sasa alielewa na jambo jingine: yule kijana wa gereji aliviona vifuniko, ila vilishonwa vizuri mno, akadhani vimetoka hivyo kiwandani.

Hasira zilimpanda kuanzia kwenye visigino. Miezi saba! Miezi saba ya Mama Moshi, ya punguza mguu, ya haraka haraka haina baraka kila akichelewesha chai au akiiwahisha. Breki zimezibwa pua, halafu anaulizwa mguu! Akaanza kupanga hotuba. Hapana, hotuba haitoshi. Atakwenda na kifuniko hiki mpaka kwa wifi yake, akiweke mezani katikati ya sahani, aseme, "Haya, moshi wenu huu hapa." Akakichomoa, akakitia mfuko wa ovaroli, akafunga kifungo. Nyani haoni kundule, lakini leo ataletewa kioo.

Wakati huohuo Fundi, ambaye kutoka pale chini alionekana viatu tu, alikuwa ameokota kichota upepo kipya na anakigeuzageuza.

"Hata hivi vipya wameviacha wazi," alisema.

Chini ya gari, Dereva alikuwa bado anapanga hotuba.

"Midomo wazi namna hii, si vumbi lote la barabara linaingia? Watu wa viwandani hawana huruma na vitu." Akatulia kidogo, kisha sauti yake ikawa na haya kidogo, kama ya mtu anayekumbushia zawadi iliyosahauliwa. "Vile vya kwanza nilivishonea vifuniko. Siku ile kabla hatujakwenda kwa dada, nilipoosha gari. Ulikuwa umelala. Sikukwambia, nilitaka uvione mwenyewe. Nikangoja, nikangoja, husemi kitu. Nikasema basi, labda hakuvipenda."

"Nina kipande cha ngozi nyekundu kimebaki kwenye kochi la daktari wa meno," Fundi aliendelea, akipima mdomo wa kichota upepo kwa vidole viwili. "Kitaoana na rangi ya gari. Leo jioni nitakuwa nimemaliza vyote viwili."

Kicheko kilimshika Dereva tumboni, kikapanda, kikamvunja. Alicheka mpaka godoro likatikisika, mpaka spana namba kumi ikamtoka mkononi, mpaka machozi yakamwingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Hotuba yote ilikwenda na kicheko hicho. Ungemfanyaje mtu huyu? Alikuwa amekaa miezi saba akingoja kuambiwa ahsante.

Viatu vikapiga magoti. "Dereva! Umeumia?"

"Nivute miguu," alisema. "Nitoe huku."

Alipotoka alikaa juu ya sponji, akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, akawa mweusi shavu moja. Akachukua kichota upepo kipya. "Weka kiganja huku nyuma." Fundi akaweka. Dereva akakata kifuniko cha boksi, akakipepea mbele ya mdomo mpana wa kile kitu. "Unasikia nini?"

"Upepo."

"Ndiyo kazi yake. Breki ikifanya kazi inapata moto, na huu upepo ndio unaoipoza. Huko mteremkoni ndiko inakohitaji zaidi." Akafungua kifungo cha mfuko, akatoa kifuniko cheusi, akakivisha mdomoni. Kilikaa sawasawa, hata baada ya kuungua. Akapepea tena, kwa nguvu. "Na sasa?"

Fundi aliacha kiganja chake pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hakuna kitu," alisema.

Hakuwa mjinga, Fundi. Mtu anayeweza kukata kochi la pembe sita bila kupoteza kitambaa hawezi kuwa mjinga. Alikaa polepole juu ya gurudumu lililotolewa, hivyohivyo na shati lake la safari. Akakitoa kile kifuniko, akakitazama mshono, kisha vidole vyake, kwa mazoea tu, vikakikunja mara mbili, mara nne.

"Kwa hiyo haukuwa mguu wako."

"Haukuwa mguu wangu."

Neno hilo Dereva alikuwa amelingoja miezi saba. Alikuwa ameliandalia majibu, mengine makali sana, mengine ya kuchekesha, moja hata lenye vina. Lilipokuja, yote yalimponyoka. Aliona tu vile vidole vikikunja kitambaa kilichoungua, akamwonea huruma mumewe.

"Ningekuua," alisema Fundi.

"Hukuniua. Tena nilikuwa nimekanyaga mafuta kidogo siku ile."

"Kidogo?"

"Fundi, usivuke mpaka. Leo si siku yako."

Alikubali, akainamisha kichwa. "Nimekusema kwa watu. Kwa dada. Kwa muuza mbao. Kwa kinyozi."

"Kinyozi naye?"

"Yeye ndiye aliyeniuliza mbona siku hizi napanda basi."

"Basi utarudi kwake hata kama nywele hazijaota," alisema Dereva, akajilaza tena kwenye sponji. "Nipe hicho chenye alama ya kulia. Mdomo uelekee mbele. Na kibaki wazi, Fundi. Wazi!"

Vipya viliingia vizuri, klipu zikilia ta! moja baada ya nyingine, bolti zikakazika. Dereva alivitikisa kwa mkono, akahakikisha havigusi diski wala bomba la breki, akarudisha magurudumu. Akashusha gari, akakaza nati kwa mpangilio wa kuruka moja, mwisho akazipitia zote kwa spana ya kupima mkazo. Fundi aliomba akaze moja. Akapewa. Dereva akaikaza upya Fundi alipogeuka.

Kisha akatoka peke yake. Alikwenda mpaka kwenye kile kilima cha nyuma ya tangi la maji, akapanda, akateremka, akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Kanyagio lilikuwa gumu na la kuaminika. Aliporudi alisogeza kiganja karibu na kila rimu ya nyuma: joto la kawaida, joto la chai iliyosahauliwa kidogo. Alizima gari, akaenda kunawa.

Alipotoka ndani, saa tano kasoro robo, Fundi alikuwa amekaa ndani ya gari. Kwenye kiti chake. Mgongo umenyooka, mikono kwenye magoti, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Hicho ndicho Dereva alichokitaka tangu asubuhi. Tangu miezi saba iliyopita. Akasimama mlangoni na kitambaa cha kujifutia mkononi, na badala ya kufurahi akahisi kitu hakijakaa sawa.

"Shuka," alisema.

"Kwa nini?"

"Umepanda kwa sababu unaona haya. Mimi sitaki abiria wa adhabu. Kama unaogopa, basi lipo, nenda, sitanuna. Leo sitanuna kweli."

Fundi hakushuka. Alifikiri, na alipofikiri alikuna goti, kama afanyavyo akipima kitambaa kisichotosha.

"Haya naona, siwezi kukudanganya," alisema. "Na hofu bado ninayo. Kichwa kimeelewa habari ya upepo, lakini moyo haujaambiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ila wewe ukisema gari limepona, nitakwenda nalo na hofu yangu."

"Na hiyo hofu itakaa wapi? Viti ni viwili."

"Nitaipakata."

Dereva alicheka, akaingia, akawasha gari. Haikuwa kila alichokitaka, ila ilikuwa kweli, na kwa asubuhi moja ilitosha.

Njia nzima ya kupanda Fundi alishika mpini wa mlango. Hakumenya chungwa. Aliuliza mara mbili kama ile harufu ni ya kwao au ya lori la mbele. Ilikuwa ya lori. Dereva alikwenda mwendo wa wastani, hakujionyesha. Moyoni alijua kwamba kupanda si kitu, breki hazina kazi wakati wa kupanda. Mtihani ulikuwa wa kurudi.

Wifi mtu aliwapokea mlangoni, macho yametoka kwa kuona wawili wamefika pamoja. "Mama Moshi! Leo umemfunga kamba?" Dereva hakuwa na haja ya kusema. Fundi, kabla hata ya kukaa, alitoa kifuniko mfukoni mwa shati lake la safari, akakiweka mezani, katikati ya sahani, palepale Dereva alipokuwa amepanga kukiweka yeye. Akasimulia yote mwanzo hadi mwisho, na habari ya kupepea kwa boksi, na habari ya ngozi nyekundu ya daktari wa meno. Hakuficha kitu. Msimuliaji mzuri, akiamua, hujisimulia na yeye vibaya vilevile.

Wifi mtu alicheka mpaka akashikilia friji. "Kikulacho ki nguoni mwako, wifi yangu!" alisema akipata pumzi. "Na hiki kimeshonwa kabisa!" Kisha akaacha kucheka, akamshika Dereva mkono kwa mikono yake miwili. "Lile jina nalifuta. Nisamehe, wifi. Mimi ndiye niliyelipika."

"Limefutika," alisema Dereva, na aliposema akagundua ni kweli. Walikula, wakala tena, na Fundi akaoshwa kwa utani mpaka akatakata.

Saa tisa wakaaga. Juu ya mteremko, barabara inapoanza kujikunja, Fundi alikamata mpini kwa mikono yote miwili, akakaza mdomo. Dereva alishusha gia mapema. Kona ya kwanza aliichukua taratibu, akamwambia kila anachofanya, kama alivyokuwa akiwaambia wagonjwa. "Sasa nakanyaga. Unasikia inavyoshika? Sasa naachia, ipumue."

"Mmh," alisema Fundi.

Kona ya pili. Kona ya tatu. Jua lilikuwa limeingia upande wa Fundi, dirisha liko wazi, na hewa ya chini ilikuwa inapanda na joto lake. Dereva aliendelea kueleza, macho barabarani, masikio kwenye magurudumu. Hakuna harufu. Kanyagio halikuzama hata kidogo. Huko mbele alianza kuyaona yale mawe ya changarawe ya kando ya barabara, mahali Fundi alipoangukia magoti siku ile. Alikuwa amepanga kupunguza pale, aseme neno. Neno lenyewe alilichagua muda mrefu.

"Unapakumbuka hapa?" alisema.

Hakujibiwa.

"Fundi?"

Akageuka nusu ya jicho. Mpini wa mlango haukuwa na mtu. Mkono mmoja ulikuwa umelala pajani, kiganja juu, vidole vimelegea. Kichwa kimeangukia upande wa dirisha, mdomo wazi, na kutoka humo kulitoka mkoromo mdogo wa mtu aliyeamka mapema, akabeba godoro, akala sana kwa dada yake.

Mwanzo Dereva alikasirika kidogo. Kona saba nzuri namna hii, kila moja imekatwa kama mkate, na shahidi amelala! Halafu polepole likamwingia. Mtu anaweza kupanda gari kwa haya. Anaweza kukaa kimya kwa adabu, anaweza kusifu breki kwa kutubu. Lakini hakuna aliyewahi kulala usingizi kwa adabu kwenye mteremko. Ule moyo ambao asubuhi ulikuwa haujaambiwa, ulikuwa umeambiwa mahali fulani kati ya kona ya tatu na ya saba, wala haukungoja ruhusa ya mwenyewe. Macho ya Dereva yakajaa, akayapepesa haraka ili aone njia.

Alizipita zile changarawe bila kusimama. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, akakwepa kila shimo kana kwamba amebeba mayai, mpaka gari la spoti jekundu likawa linateremka mlima kwa mwendo wa mkokoteni. Nyuma yake lori la matofali lilijaa kwenye kioo, likapiga honi, likapiga tena, na barabara iliponyooka likatoka kumpita. Miaka yote hiyo hakuwahi kupitwa na lori la matofali.

Utingo alitoa kichwa dirishani. "Mama, limeharibika?" alipaza sauti.

Dereva alitikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni mwake kumwashiria anyamaze.